Njia ya Mikindani: Kabla ya Kufunga Kamba za Viatu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi, mirathi na mambo ya ndani ya nyumba. Wiki hii tunaomba mturuhusu tutoke barabarani. Vijana wa msikiti wetu hapa Likombe, pamoja na baadhi ya wazee ambao nia zao ni changa kuliko magoti yao, wameanza tena kujiandaa kwa mbio ndefu. Wametuomba tuwaandikie mwongozo wa njia wanayofanyia mazoezi, yaani barabara itokayo Mtwara mjini hadi Mikindani, kwenda na kurudi. Tumekubali, lakini kwa sharti moja: kwamba tuanze na habari inayotuaibisha sisi wenyewe.

Msimu uliopita kamati yetu iliandaa mbio za hisani ili kupata fedha za tangi la maji la madrasa. Sisi tulioshika daftari tulikaa barazani baada ya swala ya Ijumaa, tukaandika majina. Tulimwuliza kila mtu jina lake, umri wake, mtaa anaokaa na saizi ya fulana. Miongoni mwa walioandikwa alikuwamo baba mmoja wa watoto wanne, mtu wa safu ya mbele, asiyekosa swala ya alfajiri. Siku ya mbio aliamka, akameza kidonge chake cha kisukari kama kawaida yake, akaswali nasi, kisha akaondoka bila kula chochote, kwa kuwa aliona tumbo tupu ni jepesi. Alikimbia vizuri mpaka Mikindani. Wakati wa kurudi alianza kuyumba. Wenzake walidhani ni uchovu, wakampa maji na kumhimiza avumilie. Akaenda hatua chache zaidi, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka kando ya barabara.

Alhamdulillah, dereva wa bajaji asiyemjua alisimama akamchukua. Alifikishwa hospitali, sukari iliyokuwa imeshuka ikapandishwa, na jioni alikuwa ameketi kitandani akizungumza. Tulipokwenda kumjulia hali, mkewe alitupokea kwa adabu, akatutafutia pa kukaa, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Mashekhe zangu, mlimwuliza saizi ya fulana. Hamkumwuliza anakunywa dawa gani."

Hatukuwa na jibu. Hatuna hata leo. Makala haya si jibu, bali ni deni tunaloanza kulilipa.

Katika kikao cha kamati kilichofuata, maneno yalikuwa ya namna mbili. Wapo waliosema kwamba msikiti ni mahali pa ibada, mbio tuwaachie wenye viwanja. Na wapo waliosema kwamba lililotokea ni qadari, hakuna wa kulaumiwa, tuendelee kama zamani. Sisi, kwa heshima ya pande zote mbili, hatukukubaliana na upande wowote. Kwa wa kwanza tunasema: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kila mmoja wao ana kheri, na sira inatueleza kwamba yeye mwenyewe alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.). Kwa wa pili tunasema: qadari tunaiamini, lakini yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa hoja ya kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Sisi siku ile hatukumfunga ngamia. Tuliandika saizi za fulana.

Kwa hiyo jibu letu si kupiga marufuku mbio. Jibu ni kuijua njia, na kumjua anayepita katika njia hiyo.

Kabla ya adhana

Daftari la mwaka huu lina maswali matatu mapya. Je, una maradhi ya sukari, presha, moyo au pumu? Unatumia dawa gani, na huitumia saa ngapi? Tumpigie nani nyumbani ikiwa una shida? Majibu yanashikwa na watu wawili tu, wala hayasomwi mbele za watu, kwani ugonjwa wa mtu ni siri yake, na siri ni amana. Anayeona aibu kusema barazani, na aje pembeni.

Mwenye maradhi yoyote kati ya hayo asianze mazoezi kabla ya kumwona daktari. Hatumwambii mtu aache dawa, wala apunguze kwa rai yake. Tunamwambia aende kliniki na kadi yake aseme wazi: "Ninataka kukimbia kwa saa mbili alfajiri, nile nini na dawa niitumieje?" Baadhi ya dawa za kisukari, na sindano za insulini, huendelea kuishusha sukari hata kama mwenyewe hajala, na misuli inayokimbia nayo huila sukari hiyo hiyo. Vitu hivyo viwili vikikutana katika tumbo tupu, huwa ndiyo yale tuliyoyaona.

Kwa walio wazima, chakula chepesi kinatosha, kiliwe mapema: uji, ndizi mbivu, kipande cha mkate, au tende kadhaa na maji. Siku ya mbio si siku ya kujaribu chakula kigeni, wala viatu vipya.

Halafu swala. Mbio nyingi za nchini huanza karibu na saa 12 asubuhi. Hapa Mtwara, mwezi wa Julai jua huchomoza baada ya saa 12 na nusu, na mwezi wa Novemba huchomoza kabla ya saa 12 kamili. Maana yake ni kwamba anayesema "nitaswali nikimaliza" amekwisha kuipoteza alfajiri akiwa bado njiani. Swali kwanza, kwa jamaa ikiwezekana, kisha vaa viatu. Kijana mmoja alituuliza kama kwenda Mikindani na kurudi ni safari, ili apunguze swala. Tulimjibu kwamba masafa wanayoyataja mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafii hupita kilometa 80 kwa mwendo wa kwenda peke yake. Hata aliyekimbia marathoni nzima ya kilometa 42.195 ndiyo kwanza yuko katikati. Aswali rakaa zake zote kwa ukamilifu.

Kwenda

Wenzetu wa miji mingine hukimbia kandokando ya mito. Sisi tuna Ruvuma, lakini iko mbali na mji, na maji yaliyo karibu nasi ni ya bahari. Ukianzia maeneo ya uwanja wa Nangwanda Sijaona mpaka Mikindani ni takriban kilometa 10. Kwenda na kurudi kunakaribia nusu marathoni, ambayo ni kilometa 21.1. Ndiyo maana njia hii ni mwalimu mzuri kwa anayejiandaa kwa mbio za korosho zinazofanyika hapa kwetu, au kwa anayetamani siku moja kwenda Moshi katika mbio za Kilimanjaro.

Jambo la kwanza kulijua ni magari. Barabara hii ndiyo inayotuunganisha na Lindi na Masasi. Ndiyo inayopitisha malori ya makaa ya mawe yaendayo bandarini, na msimu wa korosho ukifika malori huongezeka. Kimbia upande wa kulia, ukiyaelekea magari yanayokuja, ili uone kinachokujia. Musikimbie watu watatu sambamba huku mkizungumza. Vaeni nguo za rangi nyeupe au ya kung'aa, kwani giza la alfajiri halimwonyeshi dereva aliyevaa kaniki. Na masikio yawe wazi: anayeziba masikio kwa muziki, au hata kwa mawaidha, hasikii honi.

Jambo la pili ni kwamba njia ya kwenda ni tamu, na utamu wake ni mtego. Mikindani iko upande wa magharibi. Jua linapochomoza liko mgongoni mwako. Katika miezi ya kusi, upepo ukiamka nao hukusukuma kutoka nyuma. Hewa bado ina ubaridi wa usiku, miguu ni mipya, wenzako ni wengi, na kila mmoja anaogopa kuachwa. Wengi hukimbia kilometa hizi kwa kasi ambayo haimo katika miili yao. Kipimo chetu ni rahisi, wala hakihitaji saa ya mkononi: leta tasbihi kwa sauti ndogo. Ukiweza kusema "Subhanallah walhamdulillah" kwa utulivu, bila kukata pumzi katikati, mwendo wako ni wa haki. Ukishindwa, punguza, hata kama mtoto wa jirani amekupita.

Mikindani

Unapokaribia Mikindani, bahari hutokeza upande wa kulia, na mji mkongwe unaonekana ukiwa umekumbatiwa na vilima na minazi. Huu ni mji wa zamani wa Waswahili, uliokuwa na biashara na misikiti kabla Mtwara ya leo haijajengwa. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, ambalo lingali limesimama mlimani. Watembezeni watoto wenu huko siku nyingine kwa wakati wake. Kwa mkimbiaji, Mikindani ni mahali pa kufanya hesabu.

Simama. Kunywa kidogo. Usimwage lita nzima tumboni kwa hofu. Kunywa kwa kadiri ya kiu, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi iliyomo mwilini, na hilo nalo humwangusha mtu. Kula tende moja au mbili. Kisha ujiulize swali moja kwa ukweli: je, nina safari nyingine kama hii niliyokwisha kuimaliza? Kama jibu ni hapana, au unahisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au mtetemo wa mikono, mbio zako zimekwishia hapo kwa siku hiyo. Daladala za kurudi Mtwara zipo. Ndiyo maana tunamwagiza kila mkimbiaji awe na nauli mfukoni. Nauli ile si alama ya kushindwa. Ni kamba ya ngamia.

Kurudi

Kila kilichokusaidia kwenda, sasa kinakukabili. Jua liko usoni. Kusi, ikiwa imeamka, iko usoni au ubavuni. Kila mteremko ulioufurahia umegeuka kuwa mwinuko. Ubaridi umekwisha, na joto la pwani yetu lina unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi. Malori yameongezeka. Hapa ndipo baba yule alipoyumba, na hapa ndipo wengi huyumba, wazima na wagonjwa.

Asiyeamini kwamba mbio ndefu hushindwa na kushinda mwishoni, na amtazame Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu. Agosti mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya London, njia ya marathoni ilikuwa ni kuzunguka mara nne kandokando ya mto Thames, kuanzia na kuishia kwenye daraja la Tower. Simbu alimaliza wa tatu kwa saa 2:09:51 na kuiletea nchi medali ya shaba. Miaka minane baadaye, Septemba 2025 mjini Tokyo, alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros mpaka hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe ili ijulikane nani ametangulia. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja, na dhahabu ikawa ya Simbu. Yule hakuipata kwa kukimbia haraka kilometa ya kwanza. Aliipata kwa kuwa alikuwa amebakiza kitu.

Nasi katika dini tumefundishwa kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Anayekimbia kilometa tatu mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, ameutendea haki mwili wake kuliko anayelala miezi kumi na mmoja kisha akaruka mwezi mmoja kwa ajili ya fulana na picha.

Mwenzenu akiyumba

Sehemu hii tunaomba isomwe nyumbani kwa sauti, kwani inamfaa hata asiyekimbia. Mtu mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuona njaa ya ghafla, kukasirika bila sababu au kuzungumza ovyo, yawezekana sukari imeshuka. Msimwambie avumilie. Mkalisheni kivulini. Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu mara moja: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au glukosi, au soda yenye sukari, au asali. Subirini robo saa. Asipopata nafuu, mpeni tena huku mkitafuta usafiri. Akipata nafuu, ale chakula, wala asirudi kukimbia. Lakini akiwa amepoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni, kwani chaweza kuingia katika njia ya hewa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Aliyeelemewa na joto, mwenye mwili wa moto na akili iliyochanganyika, naye apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe hospitali bila kungoja.

Siku ile, wenzake yule ndugu walikuwa na maji mikononi na upendo moyoni. Kijiko cha sukari hakuna aliyekuwa nacho. Mwaka huu, kila kundi la watu watano lina mmoja aliyebeba pakiti ya glukosi na simu yenye chaji.

Mama zetu na mabinti zetu

Tumeulizwa pia kuhusu wanawake. Wapo akina mama wa darsa walioomba kuwa na kundi lao la kutembea na kukimbia taratibu. Baadhi ya wanaume walinung'unika. Tumekwisha kumtaja mama yetu Aisha (r.a.): mara ya kwanza alishinda yeye, na baada ya miaka Mtume (s.a.w.) alimshinda, akamtania kwamba hii ni kwa ajili ya ile. Ndani ya kisa hicho mna mbio, mna mapenzi ya mume na mke, na mna kicheko. Kundi la akina mama litakwenda pamoja, kwa mavazi ya stara yaliyo mapana na mepesi, kwa njia za mitaani kunakokwisha kupambazuka. Na atakayesema stara na mbio haviendi pamoja, na amkumbuke Sifan Hassan, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Paris tarehe 11 Agosti 2024 kwa saa 2:22:55, kisha akapanda kupokea dhahabu yake akiwa amejifunika hijabu mbele ya dunia nzima.

Kwa akina baba tuna ombi moja. Asubuhi ambayo mama wa watoto ametoka kufanya mazoezi, chai ya watoto ipikwe na aliyebaki nyumbani. Mwili wa mke nao ni amana, na kisukari na presha havibagui.

Neno la mwisho

Ndugu yetu yule yu mzima, alhamdulillah. Daktari amemruhusu kutembea, naye anatembea. Asubuhi za mazoezi huja na wanaotembea, mfukoni ana tende, na hupenda kuwauliza wenzake mbele ya watu kama wamekula. Aibu ya ugonjwa wake ameiweka chini, na kwa kufanya hivyo amewafanya wengine wanne waje pembeni kututajia dawa zao. Mmoja wao hata sisi wa kamati hatukujua kwamba ni mgonjwa, na tumeswali naye miaka mingi bega kwa bega.

Kuandikisha kunaanza Ijumaa hii barazani baada ya swala, na kwa akina mama ni upande wa darsa. Kwa upande huo tulimwomba mke wa ndugu yetu atushikie daftari. Alinyamaza kidogo, akalichukua, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba swali la fulana liwe la mwisho.

Allah (s.w.) atupe afya ya kumwabudia, atulinde njiani na majumbani, na atusamehe tulipozembea. Wabillahi tawfiq.